Kigoda Nilichokataa Kukalia

Walimu wapya mnaoripoti huku kwetu na begi moja na simu mbili, hamjambo. Mimi ni Mwalimu Zaina, mstaafu. Nilifika Kibondo nikiwa binti mwembamba kutoka Korogwe, nikafundisha huko, nikahamishiwa Kasulu, nikarudishwa tena Kibondo, na nimeacha chaki nikiwa bibi mwenye magoti yanayolia. Mwalimu mkuu wenu ameniomba niwaandikie kidogo kuhusu muhula wa pili, kwa sababu anasema ndio unaowachosha wageni mpaka wanaomba uhamisho. Ni kweli unachosha. Muhula wa kwanza mtafundisha. Muhula wa pili mtafundisha pia, ila mtafanya na kila kitu kingine.

Mkifungua shule Julai mtakuta maharage bado yanapurwa uani, na watoto wana vumbi lake kwenye nyusi. Hamjakaa sawa, kambi ya darasa la saba imeanza. Hamjalala vizuri, mtihani umefika. Mahafali hayo, na kwaya inataka sare. Darasa la nne nao wana mtihani wao, na watoto wa darasa la nne wakimwona msimamizi mgeni hulia. Mvua za Oktoba zikianguka, nusu ya darasa la tano inahamia shambani kupanda. Hapo hapo mnaandikisha watoto wa awali wa mwaka ujao, mnajaza ripoti, na choo cha wavulana kinajaa. Kinajaa kila mwaka Novemba, sijui kwa nini, na nimefanya kazi hii muda mrefu wa kutosha kujua.

Nianze na kambi, maana hapo ndipo mtakapoaibika kwanza. Watoto wa darasa la saba wanalala shuleni wiki tatu za mwisho kabla ya mtihani. Wazazi wanaleta mahindi, maharage, unga wa muhogo na kuni. Kila kinacholetwa, mkipokee kwa mikono miwili hata kama ni kibaba kimoja, na msiulize mbona ni kidogo. Maharage yalowekwe mapema. Mwaka wangu wa kwanza sikujua hilo, nikayatia jikoni saa nne nikitegemea chakula cha mchana. Tulikula saa kumi jioni, na bado yalikuwa yanagongana kwenye sahani kama kokoto. Mtoto mmoja aliuliza kwa heshima kabisa kama hilo nalo ni somo.

Mimi nilikuwa mtu wa saa. Baba yangu alikuwa karani wa stesheni, alinilea kwa saa ya ukutani, na nilipopata mshahara wa kwanza nilinunua saa ya mkononi kabla ya viatu. Watoto wakaniita Mwalimu Saa. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na ole wake mlinzi akiigonga dakika mbili baadaye. Nilijivunia jina hilo. Nilidhani ni sifa.

Mwalimu mkuu wakati huo alikuwa Mwalimu Kagoma, Muha wa Heru Juu, mtu mrefu, mtaratibu mpaka anakera. Shule yetu ilikuwa kata ya Murungu, na Kakonko bado ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kibondo, kwa hiyo muone ni miaka mingapi. Nikienda ofisini kwake na jambo la dharura, alinisimamisha mlangoni kwa mkono, akasema, "Mwakeye, Mwalimu Zaina," ndiyo salamu ya asubuhi ya Kiha. Ni lazima niitikie, mwakeye neza. "Abana ni amahoro?" Yaani watoto ni wazima? Ni amahoro. "Mwalimu mwenzio aliyeugua jino?" Amepona. Ndipo aniulize nimekuja na nini. Siku moja nilimwambia jiko la kambi linashika moto kwenye nyasi za paa, na hata siku hiyo aliniitikia kwanza. Moto tuliuzima, lakini mimi nilikuwa nimeshazeeka.

Alinifundisha mambo mengi mazuri. Kuandika ubaoni bila kuwapa watoto mgongo. Kupima umri wa mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, kwa kumwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili; akilifikia, ametosha kuanza shule. Siku hizi mna vyeti na vishikwambi, sawa, lakini mtandao ukikata mtanikumbuka. Na alinifundisha jinsi ya kwenda nyumbani kwa mwanafunzi aliyekosa shule. Hilo alinifundisha mara nyingi, kwa maneno yale yale.

"Ukifika, kaa. Salimia mpaka salamu ziishe zenyewe. Usiulize jambo lako. Watakuambia wao."

"Na wasiponiambia?"

"Basi hukukaa vya kutosha."

Nilimcheka, si mbele yake. Niliona ni kupoteza muda.

Sasa niwaambie kuhusu Spesioza.

Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la saba. Familia yao ilitoka Burundi zamani, bibi yake alivuka mpaka akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mama yake Spesioza. Wote walishapata uraia, walilima muhogo na maharage, na Jumapili walikaa benchi la tatu kanisani. Spesioza alikuwa mtoto wa kimya mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Hesabu alizifanya akiwa ameuma ulimi. Katika watoto arobaini wa mwaka ule, kama ungeniambia nimtaje mmoja tu atakayekwenda sekondari, ningemtaja yeye kabla hujamaliza swali. Yeye mwenyewe alitaka kuwa nesi. Aliliandika hilo kwenye jalada la daftari lake la sayansi, chini ya jina lake, kana kwamba ni cheo alichokwisha kupewa.

Jumapili ya kambi watoto walikwenda kwao kusali na kuongeza chakula. Jumatatu Spesioza hakurudi. Jumanne hakurudi. Mtihani ulikuwa Jumatano na Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nilitia alama ya kutokuwepo kwenye daftari la mahudhurio kwa kalamu nyekundu, na nikakasirika. Nilikasirika kwa sababu nilimpenda, lakini yeye angejuaje?

Alhamisi Mwalimu Kagoma akaniambia niende kwao. Nilitoka baada ya kipindi cha saa nane, nikapanda bodaboda ya kijana mmoja wa pale senta. Nilikuwa na kipindi kingine saa tisa na nusu. Nikamwambia kijana asizime injini, nitamaliza sasa hivi.

Bibi yake alikuwa uani anapepeta maharage. Aliponiona alisimama kwa shida, maana miguu ilikuwa imevimba, akaingia ndani, akatoka na kigoda. Akakifuta kwa khanga yake. Akakiweka kivulini, akapiga makofi yale ya taratibu wanayopiga akina mama wa huku wakisalimia, akainama, akanipa salamu ya mchana. "Mwiriwe, mwalimu. Amahoro?"

"Shikamoo bibi. Samahani, nina haraka. Spesioza yupo?"

Mikono yake ikabaki hewani. "Hayupo, mwalimu. Karibu kigoda."

"Ahsante, nimesimama tu. Amekwenda wapi?"

"Kasulu."

"Kasulu! Kufanya nini, na mtihani wiki ijayo?"

Alinitazama. Kisha alimtazama yule kijana wa bodaboda aliyekuwa anachezea moto wa pikipiki, vuum, vuum. Akashusha macho kwenye ungo wake.

"Kutembea," akasema. "Kaa kwanza, mwana wanje, mwanangu."

Nilitazama saa. Nikamwambia Spesioza akirudi aje shule mara moja, mtihani hausubiri mtu anayetembea. Nikapanda pikipiki. Sikugeuka nyuma. Niliingia darasani saa tisa na dakika ishirini na nane, na nilifurahi kwamba sikuchelewa.

Jioni niliandika kwenye daftari la matukio ya shule: nimefika nyumbani kwa mwanafunzi, nimeelezwa na bibi yake kwamba amekwenda Kasulu kutembea. Nikatia sahihi. Mwalimu Kagoma alisoma, akaniuliza, "Ulikaa?" Nikamwambia nilikuwa na kipindi. Alitaka kwenda mwenyewe, lakini kesho yake aliitwa Kibondo mjini kwenye semina ya mtihani, akarudi siku moja tu kabla ya mitihani kufika na askari.

Siku za mtihani, kama mnavyojua, walimu wa shule hatukaribii. Wasimamizi wanatoka shule nyingine. Mimi mwaka ule sikuchaguliwa kusimamia popote. Kwa hiyo Jumatano nilifua mapazia. Alhamisi nilichambua mchele, nikalala mchana. Naomba mzikumbuke hizo siku mbili, nitazirudia.

Kiti cha Spesioza kilikuwa kitupu. Kwenye fomu ya watahiniwa wasiofika, ambayo shule huijaza mtihani ukiisha, kuna mahali pa sababu. Nikaandika: utoro. Mwalimu Kagoma hakuwa na jingine la kuweka, maana maelezo pekee yaliyokuwepo yalikuwa ya mkono wangu.

Jumatatu iliyofuata, kabla rimu haijagongwa, Spesioza alikuwa amesimama nje ya ofisi. Alivaa sare, imepigwa pasi. Mkononi alikuwa na madaftari yake yamefungwa kwenye kipande cha kitenge, na penseli mbili zimechongwa. Alikuwa amekonda mpaka kola ilimzidi shingo.

"Shikamoo mwalimu."

Sikuitikia. Mungu anisamehe, sikuitikia. Nilimwuliza, "Ulikuwa wapi, mtoro wewe?"

"Hospitali, mwalimu. Mama alikuwa amelazwa."

Mama yake alikuwa amekwenda Heru Juu kwa dada yake kujifungua. Mtoto alizaliwa hana pumzi, na mama akavuja damu, wakamkimbiza Kasulu mjini. Dada mtu alikuwa na kichanga chake mwenyewe, asingeweza kulala wodini. Mgonjwa lazima awe na mtu wa kumfulia, kumpikia, kumgeuza. Bibi miguu ilikuwa haimfikishi hata senta. Katika nyumba ile aliyebaki alikuwa Spesioza. Alipanda gari la alfajiri Jumatatu, akachukua na madaftari.

"Siku ya mtihani nilikuwa nafua nguo za mama nje, kwenye uzio," akaniambia. "Nikawaona watoto wa Kasulu wanapita na rula na penseli. Nikajua ni leo."

Hakulia. Mimi ndiye niliyeingia ofisini nikafunga mlango.

Jioni ile Mwalimu Kagoma alinipeleka kwa bibi yake kwa miguu. Tulikaa. Bibi alitoa kigoda kile kile, akampa yeye, mimi nikapewa mkeka. Walisalimiana kwa Kiha na Kirundi mpaka nikadhani hawatamaliza: mvua, mbuzi, mchungaji, nyuki, jirani aliyeoza mtoto. Kisha bibi akasogea, akapunguza sauti, akaeleza yote. Habari ya mtoto aliyezaliwa bila uhai haisemwi kwa mtu aliyesimama. Haisemwi mbele ya kijana wa bodaboda. Haitumwi kwa mtoto apeleke shuleni. Inasemwa mkiwa mmekaa, salamu zimekwisha. Kila mtu wa kijiji kile alilijua hilo. Mimi nilikuwa nimeishi nao miaka mingi nikiwa sijui, kwa sababu sikuwahi kukaa.

Njiani kurudi nilimwuliza Mwalimu Kagoma kama amenikasirikia.

"Ulikwenda kwao," akasema, "au ulipita kwao?"

Ningekaa siku ile ningejua siku sita kabla ya mtihani. Siku sita! Tungemtafuta mama mmoja wa kanisani akakae na mgonjwa siku mbili. Asingepatikana, ningekwenda mimi. Ningepanda gari la Jumanne, nikalala chini ya kitanda cha yule mama Jumatano na Alhamisi, nikafua nguo zake badala ya mapazia yangu, na Spesioza angekuja kufanya mtihani. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimelala mchana.

Nilijaribu kurekebisha. Wakati ule mwenye sababu ya ugonjwa au kuuguza aliweza kuombewa afanye mwaka unaofuata, mtoro hana wa kumwombea. Nilikwenda ofisi ya elimu na barua ya daktari. Afisa alinisikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya. Akafungua jalada, akanigeuzia ile karatasi nisome mwenyewe. Utoro. Nakala ya daftari la matukio: amekwenda kutembea. Mwandiko wangu, sahihi yangu.

"Mwalimu," akaniuliza, "nimwandikie nani, na niseme ulidanganya lini? Siku ile au leo?"

Nilirudi mara tatu. Mara ya nne fomu zilishafungwa.

Spesioza hakufanya mtihani tena. Alilima, akajifunza cherehani, akaolewa na fundi wa baiskeli. Tulikutana gulioni mara kwa mara. Alinisalimia kila mara. Mimi nilinunua nyanya haraka haraka nikaondoka, na nikahamishiwa Kasulu nikashukuru. Nilikuwa mwoga, ndilo neno lake, sina jingine.

Lakini nilibadilika kazini. Nikifuatilia mtoto, bodaboda niliiacha barabarani na kuiambia iende. Saa niliivua nikaitia kwenye mkoba. Nilijifunza kupiga makofi na kuinama. Mara moja nilipima kwa siri: salamu za mzee mmoja wa Heru Juu zilichukua dakika kumi na moja, na baada ya dakika kumi na moja akaniambia kwamba kijana wake hasomi kwa sababu haoni ubaoni. Mwaka mzima tulikuwa tunamchapa kwa uzembe. Nyumba nyingine nilikaa kutwa, nikala muhogo, nikaondoka bila kuambiwa lolote, nikarudi kesho yake. Mkitaka hesabu ya watoto niliowarudisha darasani kwa njia hiyo, sina. Ninaye mmoja ambaye sikumrudisha.

Ninyi mnapiga simu. Nawasikia: "Haloo mzazi, mtoto wako hajaja, kwa nini?" Mzazi anajibu amekwenda kutembea, mnaingiza kwenye kishikwambi, mnaendelea. Simu ni nzuri, nami ninayo. Ila mjue simu hiyo ni pikipiki yangu ile ile, injini inawaka.

Muhula wangu wa mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa nimerudishwa Murungu. Novemba, mvua imenyesha asubuhi, nilikuwa kwenye meza ya kuandikisha watoto wa darasa la awali. Bodaboda ikaingia mpaka karibu na mkaratusi, nyuma kuna gunia la maharage na mwanamke mwenye mtoto wa kike mapajani. Akashuka haraka, akamshika mtoto mkono. Nilimjua kabla hajafika.

"Shikamoo mwalimu. Nimeleta huyu uniandikie, nina haraka kidogo, nawahi gulio. Boda inanisubiri."

Nilisimama na magoti yangu haya, nikazunguka meza, nikamwekea kiti changu. Nikapiga makofi, nikainama. "Mwakeye, Spesioza," nikamwambia. "Amahoro?"

Nyuma yake kijana alikuwa anachezea moto, vuum, vuum. Spesioza akageuka.

"Zima," akamwambia. "Shusha gunia, uende."

Akakaa.

Tulianza. Mama yake, mzima, analima bado. Mume, mzima. Mbuzi, mvua, cherehani. Bibi alikwisha kufariki, nikampa pole niliyochelewa kuitoa. Salamu zilipokwisha zenyewe nilimwambia nililokuwa nimelibeba miaka yote. Nilimwambia mapazia, mchele, usingizi wa mchana, na lile neno nililoliandika kwenye fomu, ambalo hakuwahi kuliona. Nilimwomba radhi.

Alikuwa anamfuta mtoto tope mguuni.

"Bibi alinisimulia siku uliyokuja," akasema. "Alisema, mwalimu wako alikuwa na haraka, lakini atarudi akimaliza haraka yake. Kigoda hakukiingiza ndani. Alikaa nacho pale uani mpaka giza."

Kisha akamsogeza binti yake mbele ya meza, na mtoto, bila kuambiwa na mtu, akapitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la pili.